Zoezi la Kumi na Saba

2 Februari

Kidole,

Sijakuandikia mwezi mzima kwa makusudi, nikidhani unatunga. Sasa nasikia filamu imesogezwa mbele tena, mara ya tatu hii, na sababu inayotajwa ni muziki. Muziki ni wewe. Chelewachelewa utamkuta mwana si wako.

Unajua nilivyojitapa hapa? Wastaafu wenzangu wa chumba cha magazeti wamenichoka. Nimewaambia filamu ya watu wa Bonde, waliohamishwa ili bwawa lijengwe, itapigiwa muziki na okestra nzima, wapigaji sitini na wanne, na anayeutunga ni mtoto niliyemfundisha mimi, aliyekuwa akipiga kinanda kwa kidole kimoja mpaka darasa likampa jina. Kila Jumatatu yule aliyekuwa karani wa posta ananiuliza, "Mwalimu, okestra imefika wapi?" Nami namjibu kama waziri: mambo yako mbioni.

Waliohamishwa wako wengi hapa mjini, walio hai, na wameahidiwa viti vya mbele siku ya kwanza. Mama Mwalimu ni mmoja wao, kama ujuavyo. Alipandishwa lori akiwa na miaka kumi na tisa. Nikimwuliza kama ataenda kuitazama, anasema tutaona. Anakusalimu na anauliza kama unakula.

Simu usinipigie, sikio la kushoto linameza nusu ya kila neno. Andika.

Mwalimu wako

11 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Nakula. Mwambie Mama nakula nikiwa nimesimama.

Nikueleze jinsi watu hawa wanavyofanya kazi, labda utanihurumia. Mwongozaji wa filamu, wakati ananisubiri, amebandika juu ya picha muziki wa watu wengine, wa muda tu, ili wanaokata picha wapate mwendo. Wote hufanya hivyo. Tatizo ameusikiliza miezi minane, ameuzoea kama mto wake wa kulalia. Kila ninachompelekea anafumba macho, anasikiliza hadi mwisho, halafu anasema, "Kizuri. Lakini kiwe kama kile." Nikitunga kama kile, anasema, "Hiki si kama kile mno?"

Juzi nimemaliza kipande cha mtoni, dakika nne na sekunde kumi. Jana wameikata picha sekunde tisa. Sekunde tisa, Mwalimu! Muziki si shati kwamba utapunguza mikono. Nimeanza upya.

Chumba changu kiko juu ya duka la kukata vioo. Mchana kutwa kisu kinalia chini ya miguu yangu, na kinalia katika noti ile ile, kwa hiyo hata vipande vyangu vyote vimeanza kuielekea. Ukutani nina karatasi thelathini na moja, moja kwa kila kipande. Ya mwisho ni tupu. Hapo ndipo watu wa Bonde, wakiwa wazee, wanarudi kusimama kilimani na kuyatazama maji yaliyofunika nyumba zao. Bila wimbo wa pale sina wimbo mkuu, na bila wimbo mkuu hizi nyingine thelathini ni kelele tu. Hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Okestra imepatikana kwa siku tatu, tarehe 18 hadi 20 Juni. Zikipita, mwaka huu basi. Nimechoka na nimeishiwa.

Kidole

27 Februari

Kidole,

Pole, lakini si pole nyingi. Uliishiwa pia ulipokuwa na miaka kumi na miwili, ukaniletea karatasi tupu ukaniambia umetunga ukimya. Nilikupa mbili kati ya ishirini, na zile mbili zilikuwa za ujasiri.

Acha kumtungia Mwongozaji. Watungie wale wa viti vya mbele. Wao hawajui kile wala hiki, wanajua walichokiona. Na usitafute kitu kipya, mwenye kiu hatafuti kikombe kipya. Unalo bado lile daftari la mazoezi arobaini nililowanakilisha nyote kwa mkono? Kaa nalo. Mtu akipotea njia hurudi pale alipoanzia.

Karani wa posta sasa ananiuliza hata siku za Alhamisi.

Mwalimu wako

19 Machi

Shikamoo Mwalimu, shikamoo mara kumi!

Nimeupata. Nilifanya ulivyosema. Nimelitoa daftari chini ya sanduku, jalada limeliwa na mende, nikapiga mazoezi yote kuanzia la kwanza, kwa kidole kimoja, kwa heshima. Nilipofika la kumi na saba mikono ilisimama yenyewe. Unalikumbuka? La polepole, linalopanda hatua tatu, linasita, halafu linashuka kama mtu aliyebadili mawazo. Tulilipiga kila Ijumaa. Mimi nilidhani ni la kanisani, au la mama anayembembeleza mtoto. Sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Linauma na halilalamiki, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima.

Nimeliandikia filimbi moja peke yake, wazee wanapanda kilima. Kisha chelo. Kisha, maji yanapoonekana, fidla zote ishirini na mbili. Nimekurekodia kwenye kanda, najua mashine yako haili kingine. Ni kinanda tu, fidla uzifikirie mwenyewe.

Mwongozaji amesikiliza mara moja. Hakusema "kiwe kama kile". Alitoka nje akasimama kwenye ngazi, akarudi macho mekundu. Mwalimu, umeniokoa.

Kidole

2 Aprili

Kidole,

Kanda imefika. Filimbi umeiweka chini mno, haitasikika. Tena kipande ni chepesi, ni zoezi la wanafunzi wa miezi mitatu, na watu wanaojua watakucheka. Tafuta kingine. Una muda.

Mwalimu

9 Aprili

Mwalimu,

Filimbi nimeipandisha, asante. Kuhusu kuchekwa, wacha wacheke. Uliniambia mwenyewe nisiwatungie wanaojua.

Hukusema kama umeupenda. Nimeisoma barua yako upande wa nyuma pia, nikitafuta.

Kidole

15 Aprili

Kidole,

Kitoe. Nakuomba kama mzazi. Lile zoezi liliandikwa kwa mkono wangu, na sijakupa ruhusa kulitumia.

Mwalimu

21 Aprili

Mwalimu,

Damu imenichemka tangu jana, kwa hiyo unisamehe nikiandika vibaya.

Miaka yote ulituambia mazoezi hayana mwenyewe. Ukatuambia tuyachukue, tuyabebe, tuyapige hata msalani. Wewe ndiye uliyenirudisha kwenye daftari. Leo, nimepata kitu kimoja, kimoja tu, kinachowafaa wale wazee, na Mwongozaji amekikubali, na wanakili noti wameshaanza kukinakili, wewe unakuja na ruhusa. Mara filimbi, mara chepesi, mara mkono wako. Sababu tatu kwa barua mbili! Ukweli huwa na sababu moja.

Nimelifikiria sana nikabaki na neno nisilotaka kulisema. Wivu. Umekaa na wimbo huo tangu zamani, hukuufanya kitu, na sasa unaumia kwamba mwingine ameufanya.

Sikitoi.

Kidole

12 Mei

Shikamoo Mwalimu,

Wiki tatu umenyamaza. Neno lile lilinitoka na silali nalo vizuri. Nimekuandikia mara mbili nikachana. Nitukane kama unataka, ila nijibu.

Kidole

28 Mei

Kidole,

Sina wivu. Ingekuwa wivu ningeshukuru.

Unajua nilifika mji huu kufundisha nikiwa na miaka ishirini na saba. Hujui nilikotoka, hakuna anayejua. Kabla ya hapo nilikuwa katika bendi ya kampuni iliyojenga bwawa. Tulikuwa kumi na mmoja. Tuliwapigia mabwana wakubwa wakija, na sikukuu. Mimi nilipiga klarineti.

Siku ya kuwahamisha watu wa Bonde tuliletwa kwa gari asubuhi, tukapangwa kwenye jukwaa la mbao kando ya uwanja. Malori yalikuwa arobaini. Nyuma ya malori walikuwa wanabomoa nyumba. Tukaambiwa tupige, tena kwa furaha, na tusinyamaze mpaka lori la mwisho liondoke. Nia yao ni kwamba watu wasisikie nyumba zinavyoanguka, na sisi tusiwasikie watu. Tulijua nyimbo sita za kutembea. Uliorudiwa zaidi, kwa sababu ulikuwa na nguvu, ndio huo. Tuliupiga mbio, mara nne ya mwendo unaoujua wewe. Saa sita nzima.

Nilipoanza kufundisha sikuwa na kitabu hata kimoja. Nikaandika niliyokuwa nayo kichwani. Nilipofika la kumi na saba mkono uliandika wenyewe. Nikaupunguzia wimbo mwendo nikidhani nimeufuta. Nikasema, watoto wenye mapengo wakiupiga miaka na miaka, utakuwa wao, hautakuwa tena wa jukwaa. Kwako ulifanikiwa. Wewe ukausikia kama mama anayebembeleza mtoto.

Lakini wale wa viti vya mbele hawajasahau. Unataka kuwapandisha kilimani kwa wimbo waliopandishiwa malori. Na mmoja wao ni mke wangu, nimekaa naye miaka arobaini na mmoja, na hajui.

Sasa unajua sababu, na ni moja. Kitoe.

Mwalimu wako

4 Juni

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini sakafuni, na kisu cha vioo kimelia na kulia. Ningemaliza maisha yangu nikiwa nimewatukana wazee wale kwa fidla ishirini na mbili, na ningepigiwa makofi. Asante. Na neno lile nalifuta, nakuomba radhi.

Nimeutoa kilimani. Mwongozaji amevunja kikombe, kwa bahati mbaya anasema. Wanakili watarudia kurasa mia na nne, hakuna anayenisalimu kwenye korido.

Lakini kuna jingine. Mandhari ya malori nilikuwa nimeitungia ngoma nzito na vilio vya chelo, kama kila mtu angefanya. Sasa naona ni uongo. Nimeziondoa. Pale nitaweka bendi ya watu kumi na mmoja, wimbo ule, mwendo ule wa mbio, kwa furaha, bila kunyamaza, mpaka lori la mwisho. Ndivyo ilivyokuwa. Mwongozaji ameniuliza nimejuaje, nikasema nimesoma mahali.

Niambie bendi ilikuwa na vyombo gani, na wangapi kwa kila chombo. Nataka iwe sawasawa.

Kidole

9 Juni

Kidole,

Nimekuomba unitoe motoni, wewe umeongeza kuni. Kilimani labda Mama angesema ni bahati mbaya, nyimbo hufanana. Kwenye malori atajua mara moja. Atauliza imejulikanaje, nani alikuwepo, nani alimwambia yule mtoto. Yeye si mjinga, na watu wote wanajua nani alikufundisha.

Nimemwoa mtu niliyempigia muziki nyumba yao ikivunjwa. Nimekula mezani kwake miaka yote hii. Mwanzo nilisema nitamwambia tukizoeana. Tulipozoeana nikasema mtoto akizaliwa. Mtoto amezaliwa, ameoa, ana watoto wake. Maneno yamezeeka kinywani.

Weka ngoma zako nzito. Hakuna atakayelalamika. Kama umewahi kunipenda hata nusu saa, utoe kabisa.

Vyombo sikutajii.

Mwalimu wako

12 Juni

Mwanangu,

Utashangaa kuona mwandiko huu. Mimi ndiye Mama Mwalimu, na barua hii naiandikia kwa jirani, Mzee amekwenda kwenye magazeti yake.

Barua zenu sijazisoma, sina tabia hiyo. Lakini ile kanda uliyoileta mwezi wa tatu aliipiga sebuleni mlango ukiwa wazi. Halafu akaizima katikati, akakaa. Tangu hapo hali chakula, hatanii, ametoka kuwa mtu amekuwa koti lililotundikwa. Sihitaji kuambiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ninaujua wimbo huo. Niliujua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, wanafunzi wake walipoanza kuupiga chumba cha mbele. Kila Ijumaa ikifika zamu yake nilikuwa nachukua ndoo naenda bombani, hata kama maji yamejaa ndani. Yeye alidhani nakimbia watoto wanavyokosea. Na hata kabla ya hapo nilimjua yeye. Alipofika mji huu na sanduku lake nilimtambua siku hiyo hiyo, sokoni, kabla hajanitolea salamu.

Utaniuliza kwa nini nikakubali. Mwanzoni nilitaka kumchukia kwa karibu. Nikamkuta ni mtu anayelia watoto wa watu wakipiga vizuri. Chuki haikupata pa kukaa. Nikasema basi, nitangoja aniambie mwenyewe, halafu nitamsamehe, yaishe. Nimengoja miaka arobaini na mmoja. Mwanangu, nimechoka kungoja! Nina miaka sitini na mitano, msamaha wangu unaota ukungu.

Najua atakuwa amekuomba uutoe. Usiutoe. Ukiutoa atapona, na atakufa bila kuniambia.

Usimwambie nimeandika. Na ule ukiwa umekaa.

Mama yako

15 Juni

Mwalimu,

Nimepata barua yako. Siutoi.

Nimekutii katika kila jambo tangu nina miaka tisa, na hili sikutii. Vyombo nitavikisia mwenyewe. Tunarekodi Alhamisi. Kilimani hakutakuwa na wimbo wowote, nimewaandikia fidla noti moja tu, ndefu, mpaka picha iishe. Mwongozaji anasema filamu yake imekufa. Labda. Sina nguvu ya kubishana na watu wawili kwa wakati mmoja.

Filamu itaonyeshwa tarehe 9 Agosti. Zimebaki siku hamsini na tano. Hizo ni nyingi kwa maneno machache.

Kidole

25 Julai

Kidole,

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na sasa nimewakasirikia wawili, kwa hiyo mgao wako umepungua, ndio nimeweza kuandika.

Nimemwambia. Jumamosi iliyopita, tunakunja mashuka. Nilichagua mashuka kwa kuwa mikono inakuwa na kazi na kila mtu yuko upande wake. Nikasema, "Ile siku ya malori, kulikuwa na bendi." Akasema, "Klarineti. Wa pili kutoka kushoto. Kofia ilikuwa kubwa, ikakulalia masikioni." Shuka likaniponyoka.

Ningepaswa kuona aibu, lakini hasira iliiwahi aibu mlangoni. Nikamwambia, "Umeniacha nibebe mzigo huu peke yangu miaka yote, na unajua!" Akasema, "Mzigo ulikuwa wako. Mimi nilikuwa na wangu." Nikamwambia angeweza kusema. Akasema mwenye la kusema nilikuwa mimi. Tulifokeana, Kidole, wazee wazima, jirani alizima redio asikie vizuri. Mwishowe akanitajia na barua aliyokuandikia. Nyote wawili mmenichezea kama mpira.

Siku nne hatukuongea. Nilidhani msamaha aliouweka tayari miaka yote atanipa, akitabasamu kidogo, yaishe. Nami nilidhani hivyo ndivyo alivyodhani yeye. Lakini siku ya tano alikuja chumba cha mbele, akasimama, akasema ana swali moja kwanza. Anasema wapigaji wengine siku ile walitetemeka. Tarumbeta ilikosea kosea, mpiga ngoma alikuwa anatazama chini, kuna mmoja alikuwa akitapika pembeni halafu anarudi. Akasema, "Wewe hukukosea hata noti moja. Nilikutazama mpaka lori letu lilipoondoka. Mbona ulipiga vizuri?"

Nimetafuta. Nilipiga vizuri kwa sababu nilikuwa naweza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ule mpito wa katikati, noti za haraka mfululizo, ulikuwa mgumu, na nilikuwa nimeufanyia mazoezi, na ulipotoka safi nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikukuandikia wewe wala sijawahi kujiambia. Nyumba zinaanguka, mimi nimefurahi kwa sababu ya mpito.

Nimemwambia hivyo hivyo. Alikwenda kuzima jiko.

Bendi ilikuwa na tarumbeta tatu, tromboni mbili, klarineti mbili, filimbi, tuba, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Najua mmesharekodi. Nakuandikia tu ili ujue ulikosea wapi.

Tutakuja tarehe tisa, wote wawili. Karani wa posta anakuja pia, hana habari ya lolote. Mama hataki viti vya mbele. Anaomba viwili vya pembeni, karibu na mlango, na mlango uachwe wazi kidogo mwanga uingie. Nikamwuliza atatazamaje filamu na mwanga ule. Akasema filamu ataitazama siku nyingine. Siku hiyo wimbo ukipigwa anataka kuniangalia usoni.

Mwalimu wako